Mabega Yaliyotegemeza Picha

Mwalimu anapowaonyesha wanafunzi wake picha ya kale ya nchi hizi za Afrika Mashariki, maswali yanayoulizwa aghalabu huwa ni yale yale: ni mahali gani hapa, ni nani huyu aliyeketi mbele, ni mwaka gani. Liko swali jingine ambalo twaona lina haki ya kuulizwa katika somo la historia, nalo ni hili: je, kamera iliyopiga picha hii ilisimama juu ya nini? Picha iliyotulia ni ushahidi kwamba kulikuwako kitu kilichotulia chini ya kamera. Na kabla ya kutulia hapo, kitu hicho kilibebwa na mtu kutoka mahali pengine, pengine mwendo wa miezi. Tumezoea kulitaja jina la aliyetazama kwa jicho moja ndani ya lenzi. Katika kurasa hizi twapenda kumwangalia pia yule aliyeuchukua mzigo, na ile elimu ya kubeba na kusawazisha aliyokuwa nayo mwilini mwake.

Mwaka 1860 maofisa wawili wa jeshi la Uingereza la India, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Unguja wakijitayarisha kwa safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Grant alikuwa na vyombo vya kupigia picha, na baadhi ya picha alizozipiga Unguja mwaka ule zimehifadhiwa hata leo. Msomaji wa siku hizi, aliyezoea kamera inayokaa mfukoni, hana budi kukumbushwa vyombo hivyo vilikuwa vya namna gani. Njia iliyotumika wakati huo ilivumbuliwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Bamba la kioo lilimiminiwa dawa yenye kunata, likachovywa katika maji ya dawa yenye madini ya fedha, likatiwa ndani ya kamera lingali bichi, likapigwa picha, na papo hapo likasafishwa gizani kabla halijakauka. Kazi yote ilipaswa kukamilika kwa muda wa dakika kumi hivi. Kwa hiyo mpiga picha hakusafiri na kamera peke yake. Alisafiri na sanduku la vioo, chupa za dawa, bakuli, maji safi, hema dogo la giza, na miti mitatu ya kusimamishia kamera, kwa sababu bamba lilihitaji sekunde kadhaa za mwanga na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutulia kwa muda huo.

Tuseme neno juu ya miti hiyo mitatu, maana siri yake inajulikana katika kila jiko la kijijini. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mafiga mawili pia hayatoshi. Lakini yakiwa matatu, chungu hakiyumbi hata kama ardhi haiko sawa, ilhali meza ya miguu minne hucheza pale sakafu inapobonyea kidogo. Mwalimu wa hesabu ataeleza kwamba nukta tatu zisizo katika mstari mmoja daima hukaa katika bapa moja, na nukta ya nne huenda ikawa nje yake. Mafundi wa kamera wa Ulaya walitumia kanuni ile ile anayoitumia mama anayeinjika ugali.

Vyombo vya Grant vilibebwaje? Mzigo wa mpagazi wa zama zile ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, mbali na vitu vyake mwenyewe. Watu wa pwani walipendelea kubeba kichwani, juu ya ngata. Wanyamwezi, ambao kwao upagazi ulikuwa kazi ya heshima na karibu ni jando la pili kwa kijana, walipendelea kubeba begani. Pembe kubwa ya ndovu ililazwa juu ya bega, na iliyo nzito mno ilifungwa kwenye mpiko ikachukuliwa na watu wawili. Mzigo wa nguo uliviringwa ukawa mrefu na kukazwa kwa vijiti, nchani mwake vikiachwa vitokeze, ili mpagazi akitaka kupumzika auegemeze mtini pasipo kuulaza chini na pasipo kuinama kuuinua tena. Hayo si mambo madogo. Ni maarifa yaliyokusanywa katika njia ya kutoka Tabora hadi Bagamoyo kwa vizazi kadhaa, yakihusu mahali ulipo uzito, jinsi unavyohama mtu apandapo na ateremkapo, na namna ya kuutuliza. Mpagazi aliyekabidhiwa sanduku la vioo aliyahitaji maarifa hayo kuliko mwenzake aliyebeba kitambaa, kwani kitambaa kikianguka hukung'utwa vumbi, bali kioo kikianguka picha zimekwisha.

Inashangaza basi kwamba kilichoshindwa katika msafara ule hakikuwa mabega. Speke mwenyewe ameandika kwamba aliikomesha kazi ya picha kwa sababu joto la ndani ya lile hema dogo la giza lingemwua Grant. Grant akashika kalamu na rangi, akachora kwa mkono mambo aliyoyaona njiani. Katika msafara huo jina la Sidi Mubarak Bombay, mmoja wa viongozi wake, limehifadhiwa na historia, naye anastahili. Majina ya waliobeba vioo hatunayo.

Baada ya mwaka 1871, Daktari Mwingereza Richard Maddox alipoeleza jinsi ya kutengeneza bamba kavu, mambo yalianza kuwa mepesi. Bamba liliweza kutayarishwa kiwandani, likasafirishwa mbali, likasafishwa siku nyingine. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera ya Kodak ya kushikwa mkononi. Katika Mji Mkongwe wa Unguja maduka ya picha ya akina Gomes na Coutinho, Wagoa, yalikuwa yakistawi, na kamera zao kubwa za mbao hazikuwa na haja ya kutoka nje kila siku. Mteja ndiye aliyekuja. Lakini waliotaka picha za mwituni bado walihitaji misafara. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za wanyama usiku kwa unga wa kuwaka katika nyika za Wamasai na pande za Kilimanjaro, na kutoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1905, hakuweza kuchukua hatua moja pasipo wapagazi.

Ndipo ikaja sinema, na pamoja nayo tatizo jipya. Picha moja yadai utulivu wa nukta moja tu ya wakati. Sinema yadai utulivu ulio katika mwendo. Mpiga sinema wa mwanzo wa karne ya ishirini alizungusha kishikio kwa mkono, mizunguko miwili kwa kila sekunde, na mzunguko wenyewe uliitikisa kamera. Mwaka 1910 hivi Kazimierz Prószyński, mhandisi wa Poland, alileta kamera iitwayo Aeroscope iliyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, hata mikono yote miwili ikabaki huru kuishika. Ndani yake alitia gurudumu lililozunguka kwa kasi. Mtoto yeyote aliyecheza pia anajua sababu: pia ikisimama huanguka, bali ikizunguka husimama wima na kukataa kuinamishwa. Mwingereza Cherry Kearton, ambaye mwaka 1909 alimpiga sinema Theodore Roosevelt alipokuwa akiwinda nchini Kenya, alikuja kuwa mmoja wa waliojulikana sana kwa kuitumia Aeroscope.

Lakini kisa kilicho na mafunzo mengi zaidi kwetu ni cha Carl Akeley. Mmarekani huyu alikuwa fundi wa kuzitengeneza ngozi za wanyama zionekane kama zi hai ndani ya majumba ya makumbusho. Kati ya mwaka 1909 na 1911 alikuwa Afrika Mashariki, akatamani kupata sinema ya Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Tusipite haraka hapa. Mwaka 1905, yaani miaka michache tu kabla ya hapo, Waingereza walikuwa wamemwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, na kuwanyang'anya watu wake sehemu kubwa ya ardhi. Wanaume waliokuja na mikuki yao mbele ya kamera ya Akeley walikuwa wametoka katika vita hivyo, na wengine wao bila shaka walikuwa wamepigana.

Wanandi walimzunguka simba kwa duara, duara ikajikaza, simba akachagua mtu wa kumrukia, na mikuki ikaruka. Yote hayo ni ya sekunde chache. Kamera aliyokuwa nayo Akeley ilikuwa imekazwa juu ya miguu mitatu, na kichwa cha kuigeuzia kilikuwa na kishikio kimoja cha kuipeleka kushoto na kulia, na kingine cha kuiinua na kuishusha, mbali na kile cha kuzungushia filamu. Mtu ana mikono miwili. Chombo kilidai mitatu. Kabla hajaielekeza kamera panapotakiwa, jambo lilikuwa limekwisha. Alirudi kwao pasipo sinema aliyoifuata.

Twaona ni haki kusema kwamba hapo ndipo wepesi wa Wanandi ulipoufunua uzito wa mashine. Hatusemi kwamba Wanandi walimfundisha Akeley ufundi wa kamera. Kusema hivyo kungekuwa kujisifu kusiko na ushahidi. Waliyoyafanya ni kumwonyesha mwendo ambao chombo chake hakikuweza kuufuata, naye akakubali kwamba kosa lilikuwa la chombo. Mwaka 1915 alipata hataza ya kamera mpya, ya duara mfano wa chapati nene. Ilikaa juu ya kichwa ambacho ndani yake mlikuwa na magurudumu mazito yaliyozungushwa kwa meno. Mpiga picha aliisukuma kamera kwa mkono mmoja tu, upande wowote autakao, na yale magurudumu, kwa kuwa kitu kizito kinachozunguka hakipendi kubadili kasi yake ghafula, yaliumeza mtikisiko wa mkono na kuutoa mwendo laini kama mashua kwenye maji yaliyolala. Jeshi la Marekani liliitumia kamera hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza. Robert Flaherty alichukua mbili alipokwenda kupiga filamu yake juu ya Wainuit katika barafu za kaskazini ya Kanada mwaka 1920. Mwaka 1921 Akeley mwenyewe aliipandisha katika milima ya Virunga, Kongo, akapata sinema ya kwanza ya sokwe wakubwa wa milimani wakiwa huru. Huko hakuna mahali palipo sawa pa kukita miguu mitatu. Mteremko ni mkali, upupu na majani marefu yamesongana, na kila kitu kilipanda juu ya migongo ya wenyeji. Akeley alifia huko huko mwaka 1926, akazikwa mlimani Mikeno.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1923 kuna sura nzima juu ya kijana Mkikuyu aliyeingia katika utumishi wake mwaka 1905 na kumfuata katika safari nyingi. Sura hiyo inaitwa "Bill". Kijana huyo aliitwa Wimbia Gikungu. Akeley alimpenda na kumsifu, hilo halina ubishi, na si wasafiri wengi wa siku zile waliompa mtumishi wao sura nzima. Hata hivyo ilikuwa rahisi zaidi kumpa sura kuliko kumwita kwa jina lake.

Baada ya wawindaji wakaja waelimishaji. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulifanyika jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zipatazo 35 zilipigwa kwa kamera ndogo za milimita 16 na kuonyeshwa kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu kwa ajili ya makoloni, na mkuu wake, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya nchini Nijeria, akaweka nadharia iliyotawala kwa miaka mingi. Alidai kwamba mtazamaji Mwafrika hawezi kuifuata kamera inayosogea. Kwa hiyo kamera isimame; isigeuzwe kando; tukio lionyeshwe polepole, kwa picha ndefu, pasipo kuruka kutoka mahali hadi mahali.

Utulivu wa kamera, ambao kwa Grant ulikuwa sharti la dawa na kwa Akeley ulikuwa mashindano na simba, sasa ukageuka kuwa hukumu juu ya akili za watu. Msomaji na apime mwenyewe. Watu walioambiwa kwamba macho yao hayawezi kufuata mwendo ni wale wale waliozoea kutazama ngoma ambayo wachezaji ishirini huzunguka, hutawanyika na kukutana tena, na mtazamaji hampotezi yule anayemtazama. Ni wale wale waliolelewa kwa hadithi ambazo sungura yuko kisimani katika sentensi moja na yuko kwa mfalme katika sentensi ya pili, na hakuna mtoto anayeuliza amefikaje. Twadhani kigugumizi hakikuwa machoni mwa watazamaji. Kilikuwa katika filamu zenyewe, ambazo mara nyingi zilimweleza mkulima jinsi ya kulima.

Uhuru ulipopatikana, vyombo navyo vilikuwa vimeanza kushuka kutoka kwenye miguu mitatu. Kamera za milimita 16 ziliweza kukaa begani, na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilianza kazi katika zama hizo. Bega sasa likawa la mpiga picha mwenyewe. Akajifunza upya yale aliyoyajua mpagazi: miguu iachane kidogo, magoti yalegee, kiwiko kibanwe ubavuni, pumzi itoke polepole, na macho yatangulie kuona shimo kabla ya mguu kulifikia.

Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ndiko alikoanzisha biashara yake ya picha mwaka 1963, ndiye mfano unaojulikana kuliko wote. Picha zake za njaa ya Uhabeshi mwaka 1984 ziliufanya ulimwengu uchangie fedha na chakula kwa wingi usiotazamiwa. Katika miaka hiyo ya kamera za video, mpiga picha na mshika sauti mara nyingi waliunganishwa kwa waya mmoja, huyu na kamera begani, yule na mashine ya kunasia ubavuni, na hakuna aliyeweza kukimbia pasipo mwenzake. Mwezi Juni 1991 ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Amin alipoteza mkono wake wa kushoto. John Mathai, mshika sauti wake, alipoteza maisha. Amin alitengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini na kamera yake, akaendelea hadi alipokufa katika ndege iliyotekwa mwaka 1996. Watu wengi wanalijua jina la Amin. Tungependa wanafunzi wetu walijue na la Mathai.

Katika miaka ya 1970 Mmarekani Garrett Brown alivumbua chombo kiitwacho Steadicam, kilichoonekana katika filamu za sinema kuanzia mwaka 1976. Mpiga picha huvaa kizibao kigumu. Mkono wa chuma wenye springi hutokea kifuani na kushika mti mfupi, ambao juu yake kuna kamera na chini yake kuna betri na kioo cha kutazamia. Uzito umetengwa katika ncha mbili makusudi. Aliyewahi kubeba maji kwa mzegazega ataelewa mara moja: mti wenye debe kila upande hauwezi kugeuzwa ghafula, na ubishi wake huo ndio unaomsaidia mbebaji asiyumbe. Mwili hutembea, magoti hupanda na kushuka, na kamera huelea.

Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapa utafiti ambao mmoja wa waandishi wake alikuwa Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walipima pumzi za wanawake Wajaluo, wanaobeba kichwani, na Wakikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda upitao kwenye paji la uso. Wakaona kwamba mwanamke aliyezoea aliweza kubeba mzigo ufikao sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake pasipo kutumia nguvu zaidi ya zile atumiazo akitembea mikono mitupu. Uchunguzi uliofuata ulieleza kwamba mwendo wao huitumia vizuri zaidi ile nguvu inayopanda na kushuka katika kila hatua, mfano wa timazi ya saa. Wanawake hao hawakuvaa kizibao wala springi. Nasi tutaongeza jambo dogo ambalo kila aliyeteka maji analijua: huwekwa tawi bichi juu ya ndoo iliyojaa, na maji hayarukiruki.

Mwaka 2002 ilitolewa filamu ya IMAX juu ya Kilimanjaro, iliyoongozwa na David Breashears. Kamera za aina hiyo, kwa upana wa filamu yake, ni nzito kupita nyingi za sinema, nazo zilipanda kutoka msituni hadi kwenye barafu kwa miguu ya wapagazi wa mlima. Katika filamu hiyo anaonekana kiongozi Jacob Kyungai akiwapandisha wageni wake. Waliobeba kamera, kwa jinsi kazi yao ilivyo, walikuwa upande wa pili wa lenzi. Siku hizi kwenye malango ya hifadhi mizigo hutundikwa kwenye mizani kabla ya safari kuanza, na mpagazi haruhusiwi kupita na zaidi ya kilo 20. Kwa kipimo cha wale walioondoka pwani na vioo vya Grant, hiyo ni frasila moja na robo.